Ndani ya Ndege Usipake Kama Sebule

Wanaojiundia ndege hupandwa na pupa wakifika kwenye rangi. Bodi imeshikana, riveti zimekaa, sasa mtu anataka ndani kung'ae hadi mkiani. Mimi nasema rangi ya ndani ina kazi mbili tu: kuzuia kutu na kumsaidia mkaguzi kuona ufa. Zaidi ya hapo ni mzigo.

Hesabu haina huruma. Rangi kavu yenye unene wa mikroni 100 huongeza takriban gramu 140 kwa kila mita ya mraba. Paka mita 20 za mraba, umeshabeba karibu kilo 3, na zile za mkiani ndizo mbaya, kwa kuwa zinavuta kitovu cha uzito nyuma. Bati la alumini aina ya 2024 mara nyingi huja limevikwa utando wa alumini safi unaolikinga. Ndege ndogo nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka kiwandani bila rangi kwa ndani, na nyingine zinaruka hadi leo. Basi kwa bati kama hilo mimi hupaka praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga kutu, pale linapolaliana na lingine, penye mikwaruzo, na linapogusana na chuma. Mabomba ya chuma yanayounda kiunzi cha baadhi ya ndege ni habari nyingine: hayo yapakwe yote. Rangi iwe nyeupe au kijivu hafifu, maana juu yake ufa na tone la mafuta huonekana upesi. Juu ya dashibodi tu ndipo pawe peusi pasipong'aa, kioo cha mbele kisimrudishie rubani mwanga machoni.

Kabla ya praima, mwagia bati maji safi. Yakitandaa kama shuka, endelea. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta; rudi kwenye sabuni na kitambaa. Wengi huruka hatua hii, kisha wanailaumu rangi inapobanduka.

Lakini kama una saa za ziada, zipeleke kwenye kuziba, hasa ukuta unaotenga injini na chumba cha rubani. Kila tundu la waya na kebo pale ni mlango wa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Tumia dawa ya kuziba inayohimili moto. Silikoni ya bafuni, ile inayonuka siki wakati wa kukauka, iache bafuni: asidi yake hula alumini, na mabaki yake huifanya rangi itoboke vijishimo. Ajabu ni kwamba watu wanaobishana wiki nzima kuhusu rangi ya viti huziba ukuta huu kwa dakika chache.

Matundu ya kutolea maji chini ya bodi, hata hivyo, yasizibwe kamwe.

Kwa anayenyunyiza rangi ya poliyurethani ya vikopo viwili, barakoa ya karatasi ni mzaha. Isosayaneti, kemikali iliyomo ndani yake, huharibu mapafu, na mpakaji anahitaji kuvuta hewa safi inayoletwa kwa bomba la mpira. Praima zenye kromati nazo zina kromiamu inayosababisha saratani, kwa hiyo hata vumbi lake la msasa ni sumu.

Rangi ikishakauka, ndege ipimwe uzito upya. Karatasi ya vipimo vya kabla ya rangi haifai tena kurukia.