Aliyekosekana kwenye picha za Kaole

Jumamosi iliyopita tulikutana watano tuliomaliza kidato cha nne pamoja, nyumbani kwa mwenzetu Mbezi. Baada ya pilau mwenyeji akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki. Picha za safari yetu ya Bagamoyo, 1998, mkanda mzima wa picha 36. Zilikuwa zimenatana kwa joto, ikabidi tuzibandue moja moja kwa ncha ya kisu.

Tulicheka mpaka machozi. Huyu kavaa viatu vya kaka yake. Yule kavuta soksi hadi magotini mbele ya Boma la Wajerumani. Kaole, mji wa kale uliobaki magofu karibu na Bagamoyo, tumejipanga kando ya kaburi lenye nguzo, mwalimu wa historia kanyoosha mkono kuelekea magofu ya msikiti wa karne ya 13. Nikakumbuka pia pale misheni, kwenye mnara ulipowekwa mwili wa Livingstone, yule mpelelezi wa Kiskoti, Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Darasani hiyo ilikuwa mistari miwili ya kukariri. Siku ile, nikiwaza miguu ya wale watu, ndipo nilipoanza kuipenda historia.

Mmoja wetu akazipitia picha zote taratibu, akazirudisha mezani. Akasema, "Mimi simo hata moja."

Tukadhani ndiye aliyekuwa anapiga. Kumbe hakwenda. Mchango ulikuwa shilingi 3,500, na baba yake alikuwa ameachishwa kazi. Alfajiri ile alikuja shuleni sare imenyooshwa pasi, akitumaini kuna atakayeghairi apate kiti chake. Basi likaondoka. Akakaa chini ya mwarobaini hadi jioni, kisha akaenda nyumbani akamwambia mama yake kwamba mwalimu alimruhusu kupanda bure na safari ilikuwa nzuri. Mama yule amezikwa akiamini mwanawe aliiona Kaole.

Nilikaa naye dawati moja, jamani. Wiki ile aliazima daftari langu, akaandika ripoti ya safari, akapata alama kunizidi. Sikumuuliza chochote.

Ninayaandika haya kwa sababu juzi mwanangu ameleta barua ya safari ya Mikumi, na mstari wa mwisho unasema asiyelipa kwa wakati atabaki shuleni. Mstari uleule! Tangu 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali imefutwa, lakini safari bado inategemea mfuko wa mzazi. Najua basi na dizeli havipatikani bure, na walimu wengi hutoa hata cha mfukoni mwao. Sawa. Lakini kama fedha hazitoshi kwa darasa zima, waende karibu zaidi, wote. Michango ianze kukusanywa Januari kidogo kidogo, na sisi tuliosoma hapo tuchangishwe, maana kwenye harusi tunachangishana bila kulalamika. Safari ya masomo ni kipindi cha darasani. Hakuna mwalimu anayemtoa mtoto nje ya kipindi cha hesabu kwa sababu baba yake hana kazi, sasa kwa nini historia ifundishwe hivyo? Mtoto anayebaki chini ya mwarobaini anajifunza kitu siku ile, na hakisahau.

Barua ya mwanangu nimeirudisha na nauli ya watoto wawili. Haitoshi, najua.

Mwenzetu akaichukua tena picha ya mbuyu wa Kaole, akauliza, "Huu unazungukwa na mikono ya watu wangapi?" Tukabishana, hakuna aliyekumbuka. Mwisho wa mwezi tunakwenda kuupima, wote watano. Gari ni langu, mafuta nimesema ni yangu, lakini yeye amekataa katakata: nauli yake atalipa mwenyewe.