Barafu ya Shangazi

Gari langu lina adabu moja mbaya: haliugui mbele ya fundi. Ni la Kijapani, la miaka ya 90, usukani kulia, na halina kabureta. Esansi, yaani petroli, inapulizwa kwenye moteri na sindano zake. Asubuhi linawaka hata kabla sijakaa vizuri. Likishapata joto, hasa kwenye mlima wa kupanda Kadutu, linakata ghafla, na ukizungusha ufunguo linagoma. Unakaa pale ukitukanwa na motari wote wa Bukavu, wale wa pikipiki za abiria, mpaka lipoe, kisha linawaka kana kwamba ni wewe uliyekuwa na shida. Fundi anafika, anakuta moteri inaimba. Ananitazama kama mtu aliyemwita daktari kwa sababu ya upweke.

Mmoja alibadilisha pampu ya esansi. Mwingine akabadilisha bujii zote, zile plagi za kutoa cheche, akanirudishia za zamani kwenye mfuko, akanionya niache kununua esansi kwa makadafi, wale wa bidoni kando ya barabara. Wa mwisho alifunga moduli mpya ya kuwasha ndani ya delko, kile chombo kinachogawa umeme wa cheche kwa bujii, na kuapa kwa jina la mama yake.

Juma lile nilikuwa nimembeba shangazi yangu, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nyuma kulikuwa na mabeseni yake, barafu juu, na amri moja tu: tufike sokoni kabla barafu haijawa maji. Jua lilikuwa kali, mbele yetu lori linapanda kwa huzuni. Katikati ya mlima, kimya.

"Weye mutoto, gari yako imekufa tena?"

"Imechoka tu, shangazi."

Kwetu gari likizimika njiani linakuwa mali ya umma. Motari mmoja akasema ni betri. Muuza makala ya kupikia, sigara mdomoni, akasema nimelogwa na jirani, tena akaeleza ni jirani wa upande gani. Mzee mmoja mwenye tai, aliyejitambulisha kuwa alifundisha fizikia, akatangaza kwamba ni mvuke: tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, esansi inachemka mapema kwenye mrija. Nilitamani kukubali kwa heshima ya tai, lakini huo ni ugonjwa wa kabureta zaidi. Kwenye gari kama langu pampu iko ndani ya tanki, na inasukuma esansi kwa shinikizo la karibu bar 3; kuchemka hapo si kazi rahisi. Mzee akasema vijana wa simu hawasikii.

Shangazi hakuwa ameshuka. Akatoa kichwa dirishani.

"Ule mushale wa kuhesabu mizunguko ulianguka mbele."

"Mbele ya nini?"

"Mbele gari isimame! Weye unaangaliaka barabara, miye ninaangaliaka mishale, juu ninaogopa. Gari ilikuwa ingali inatembea, mushale ukaanguka kwenye zero. Paa!"

Nilinyamaza. Mafundi wote wale, na hakuna aliyeniuliza habari za mshale. Moteri inayokosa esansi hufa kwa kukohoa na kuvutavuta. Lakini mshale ukianguka mara moja wakati magurudumu bado yanaizungusha moteri, kilichokatika ni umeme wa kuwashia.

Nikafungua kapo. Nilipochomoa bujii moja, ilikuwa imelowa: esansi inafika. Nikamfukuza muuza makala na sigara yake, nikachomeka bujii kavu kutoka ule mfuko kwenye waya, nikaigusisha chuma cha moteri, motari akazungusha ufunguo. Giza, hakuna cheche. Delko yenyewe ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliigusa mara moja tu. Kilichobaki ni kuipooza na kuona. Bidoni langu la maji lilikuwa tupu.

Umati mzima ukageuka kuyatazama mabeseni.

"Hapana," akasema shangazi.

Mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko ukaguzi. Mwishowe alitoa bonge moja, kwa bei ya hoteli, ndani ya mfuko wa plastiki uliotoboka. Nikauweka juu ya delko. Barafu ikayeyuka, maji ya samaki yakatiririka kwenye chuma cha moto, na mlima mzima ukanuka chakula cha jioni. Sambaza kadhaa waliotoka na barafu wakapotelea chini kwenye mirija. Tulipojaribu tena, cheche ya bluu! Watu wakapiga vigelegele, gari likawaka, na mzee wa fizikia akasema ndivyo alivyosema tangu mwanzo.

Baada ya soko tulikwenda kwa yule fundi wa moduli. Alipoifungua, chini yake palikuwa pakavu kabisa. Hakukuwa na ile pasta nyeupe inayopakwa ili joto lihamie kwenye chuma, kwa hiyo moduli ilikuwa inajipika yenyewe kila nikipanda mlima. Fundi hakubisha. Alinusa tu.

"Papa, humu mulipika nini?"

Alifunga nyingine, safari hii akapaka pasta, akaandika fakitire: moduli, pasta, kazi, kuosha moteri. Shangazi aliichukua mkononi mwangu, akaisoma polepole hadi chini, akamrudishia fundi.

"Barafu yangu iko mustari gani?"