Kompyuta ya Waja Leo, Waondoka Leo

Feni zinazunguka sekunde mbili, zinazima, zinapumua kidogo, zinazunguka tena. Skrini nyeusi tii. Sisi watu wa Tanga mgeni wa namna hiyo tunamjua: waja leo, waondoka leo.

Iliyogoma ni kompyuta ya steshenari moja ya Ngamiani inayopokea pia kazi za video za harusi. Kijana wa zamu aliona kurenda, yaani kuitoa video iliyohaririwa iwe faili kamili, kunamchelewesha, akaingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya bodi mama, aipandishe prosesa mbio. Wenye akili zao huongeza kizidishi, ile namba inayozidishwa na saa ya msingi kupata mbio za prosesa, kwa moja tu, wakaitesa mashine nusu saa huku wakiangalia joto, ndipo waongeze tena. Yeye alikirusha mpaka 52. Saa ya msingi ya bodi ni megahezi 100, kwa hiyo alikuwa anadai gigahezi 5.2 kutoka kwa prosesa yenye feni ya bei chee, katikati ya joto la kaskazi. RAM nazo, zile kumbukumbu za muda, DDR4 zilizoandikwa 3200, akazitaka zikimbie 4000. Akahifadhi kwa F10, akapiga dua. Kompyuta haikuitikia amina.

Nilipofika, shangazi wa bibi harusi alishakalia kiti cha wateja, mkoba mapajani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hii imepigwa kijicho. Mmeifukiza?"

Kwenye bodi kulikuwa na kitaa kidogo kimewaka kando ya neno DRAM, yaani RAM. Bodi nyingi za sasa zina vitaa vinne vya aina hiyo: prosesa, RAM, kadi ya picha na diski. Kinachobaki kimewaka ndicho kinachokuonyesha ilipokwama. Kijicho hakina kitaa chake, lakini hilo sikulisema kwa sauti.

"Betri nimeshatoa, kaka, na bado," kijana akajitetea. Kweli alikuwa ameitoa, ile ya duara ya CR2032 inayoitunza mipangilio ya BIOS, akaihifadhi kwenye kikombe. Ila waya wa umeme aliuacha ukutani. Pawa saplai ikiwa imechomekwa hutoa volti 5 za kusubiri hata kompyuta ikiwa imezimwa, na hizo zinatosha kuilinda mipangilio ile mibovu. Angeiacha betri kikombeni mpaka Idi, 52 ingekuwa palepale.

Tukachomoa waya. Swichi ya kuwashia ikabonyezwa na kushikiliwa sekunde 15, umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Kisha zikatafutwa pini mbili za kufutia mipangilio, zilizoandikwa CLRTC. Bodi nyingine huandika CLR_CMOS au JBAT1. Shangazi akamulika kwa simu. Kijana akapeleka bisibisi moja kwa moja kwenye pini za USB.

"Siyo hizo! Hata mimi naona hazina maandishi hayo," shangazi akafoka, naye hakuwa na miwani.

Zilikuwa jirani na kitako cha betri. Tukazigusanisha kwa ncha ya bisibisi sekunde 10, betri ikarudi, RAM ikabaki moja tu, kwenye tundu la pili kuhesabu kutoka kwa prosesa. Waya ukutani, swichi. Feni zikashika, safari hii bila kukata. Skrini bado nyeusi, na hapo ndipo pa kuwa na subira: bodi inaipima RAM upya, na inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi.

Shangazi hakuwa na dakika nzima. "Imekufa hii," akasema, akanyoosha kidole chenye hina, akaizima.

Tukaanza tena, mkoba wa shangazi ukiwa umewekwa mbele ya swichi kama ukuta. Maandishi yakatokea yakitaka F1. Tukapakia mipangilio ya kiwandani, tukahifadhi, Windows ikafunguka. RAM ya pili ikarudi tundu la nne, nayo ikakubali. Kijana akarenda kwa mwendo wa kawaida, akanakili kwenye flashi, shangazi akaondoka akimsifu Mola na tochi yake.

Jioni simu ikalia.

"Mwanangu, wakwe wamechomeka flashi kwenye laptopu yao. Faili linasema tarehe 1 Januari 2018. Wanauliza, mwaka huo bwana harusi alikuwa anaoa nani?"

Ukifuta mipangilio, na saa nayo hufutika. Kompyuta hurudi kwenye tarehe iliyoachiwa na mtengeneza bodi. Kwa kawaida intaneti huirekebisha, ila bando la steshenari lilikuwa limekwisha. Nikamweleza yote hayo, taratibu.

"Kwa hiyo," akasema, "betri ndiyo imemwozesha mtoto wetu kwa mume wa mtu?"

Nikamwomba awape simu wakwe. Upande wa pili ikapokewa na sauti nzito ya mzee: "Enhe, fundi. Anza tena hapo kwenye kikombe."