Siri gani hiyo inayofafanuliwa ukurasa huohuo?

Mjomba wangu kaforwadi tena kwenye grupu la familia. Safari hii ni tembo kabeba mnara wa jiwe mgongoni, chini maandishi mekundu eti alama ya iluminati, tuma kwa watu kumi. Shkamoo mjomba, lakini hiyo picha naijua, imetoka kwenye Hypnerotomachia Poliphili, kitabu alichochapa Aldus Manutius kule Venice mwaka 1499. Iluminati wameanzishwa Bavaria 1776. Kwa hiyo walijitangaza miaka 277 kabla hawajakuwepo, wazee wa mipango kweli hawa!

Kinachonikera ni hii tabia kwamba picha ya zamani ukishaona haieleweki basi shetani yumo. Hebu kifungueni chenyewe. Poliphilo yuko ndotoni anamtafuta mpenzi wake Polia, anafika darajani anakuta vimechongwa duara, halafu nanga iliyozungukwa na pomboo. Na mwandishi anakupa maana palepale: fanya haraka siku zote, ila taratibu. Duara ni siku zote, pomboo ndo mwendo kasi, nanga ndo breki. Basi. Baadaye Aldus akaifanya nembo yake akawa anaigonga kwenye vitabu vya kuuza, sasa siri gani inabandikwa kwenye bidhaa? Hata hizo "alama za Misri" humo ndani ni za kutunga tu, maana Ulaya nzima hakuna aliyekuwa anaweza kusoma zile halisi za Misri ya kale mpaka msomi Mfaransa Champollion alipozifumbua 1822. Walikuwa wasomi wanachezeana mafumbo, kama watu wa kwetu wanavyotegeana vitendawili, anayejua Kilatini na hadithi za Ovid, mshairi wa Roma ya kale, anacheka. Mfano Leda, malkia wa hadithi hizo, juu ya gari linalovutwa na tembo, kakumbatiana na batamaji, kila msomaji alijua huyo ndege ni Jupita, mungu mkuu wa Warumi, kajigeuza.

Haya, nakubali, fumbo la kweli limo. Ukiunganisha herufi za kwanza za sura zote 38 unapata sentensi ya Kilatini inayosema Ndugu (yaani mtawa) Franciscus Columna alimpenda mno Polia. Mtawa kapenda, jamani, ndo siri yenyewe hiyo.

Na kama mnataka kilichowatisha watu enzi hizo, tafuteni picha ya Priapus, mungu wa bustani, kasimama na uume wake wazi. Kuna nakala zimepakwa wino mweusi hapohapo pahali penyewe. Hiyo wala hawakuhitaji kufafanuliwa.