Acheni kuupita mgahawa wa Wafilipino

Waswahili wa Dubai tukitaka kula nje, njia zetu zinajulikana. Biriani kwa Wapakistani, mandi kwa Wayemeni, karak na parata kwa Wamalabari, na mshahara ukiingia tunavuka mpaka Deira kutafuta ugali na nyama choma. Katikati ya njia hizo kuna milango midogo ya vioo, bei zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, sufuria zimepangwa dirishani, wateja wamejaa mpaka nje. Tunaipita. Ukimwuliza mtu sababu, atakwambia: "Kule si nguruwe tu?"

Mimi nakaa Satwa, mitaa ya nyuma ya barabara ya 2nd December, ile ambayo wakongwe bado wanaiita Diyafah. Mafundi cherehani, maduka ya vitambaa, na Wafilipino kila upande. Kwa hiyo ninachosema nakisema kwa kukila: katika mji huu wote, hakuna chakula cha kununua kilicho karibu na meza ya mwambao kuliko cha vimigahawa vya Kifilipino. Mtaniambia biriani. Biriani ni ya harusi na Idi. Nazungumzia chakula cha Jumanne usiku, umetoka kazini, miguu inauma, unataka wali na mchuzi.

Suala la nguruwe tulimalize mapema. Dubai mgahawa haupiki nguruwe bila kibali maalumu, na wenye kibali wanatakiwa waonyeshe wazi. Vimigahawa vingi vya mitaani havijisumbui na kibali hicho. Adobo, kitoweo chao cha siki, inapikwa kwa kuku; sisig, nyama iliyokatwakatwa ikakaangwa, kwa kuku au samaki; tapa ni vipande vya nyama ya ng'ombe. Ukiwa na shaka, uliza, hakuna atakayekununia, maana swali hilo wanaulizwa kila siku. Na anayedhani Ufilipino na nguruwe ni kitu kimoja, asome kidogo. Wahispania walipoitwaa Manila mwaka 1571, mtawala wake, Rajah Sulayman, alikuwa Mwislamu. Kusini, Mindanao na Sulu, Uislamu haujaondoka mpaka leo, na Watausug wa huko wana supu nyeusi ya nyama, tiyula itum, ambayo weusi wake ni nazi iliyochomwa mpaka ikawa mkaa. Nazi iliyochomwa! Sisi tunaojisifu kwa nazi hatujawahi kuifikiria.

Sasa ingia ndani. Huletewi kitabu cha vyakula. Unasimama mbele ya kioo, unatazama, unanyoosha kidole. Huyu mama anayepakua pale ninapokula ni wa umri wa shangazi yangu, lakini wote tunamwita Ate, dada mkubwa, kwa heshima, na wazee waliomzidi miaka nao humwita hivyo hivyo. Anafunua kifuniko, anakoroga kutoka chini ili upate nyama na si mchuzi mtupu, anainua upawa, anaukung'uta mara mbili ukingoni mwa sufuria mafuta yadondoke, ndipo anamimina. Kisha anakuwekea kibakuli cha supu ya moto ambacho hukukiagiza na hutakilipia. Vitoweo viwili na wali, bado hujafika dirhamu 25.

Nampenda kwa sababu sufuria zake haziwezi kudanganya. Kilichopo unakiona, kilichokwisha unaona sufuria tupu. Linganisha na migahawa yetu wenyewe hapa mjini, na sitaji jina la mtu: karatasi ina vyakula thelathini, unaagiza samaki wa kupaka, kijana anaandika, anapotea nusu saa, anarudi kukwambia samaki hakuna. Pilau? Imeisha. Sasa kuna nini, kaka? Kuna ugali na kuku. Mama muuza chakula wa Mombasa hakuweza kukufanyia hivyo, kwa kuwa sufuria zake zilikuwa mbele ya macho yako. Tulipofika Dubai tukazificha jikoni ili tuonekane hoteli.

Turudi kwenye vyakula, maana ndipo hoja yangu ilipo.

Tinola ni kuku, tangawizi nyingi, papai bichi na majani ya mronge. Soma tena orodha hiyo kisha uniambie ni chakula cha wageni. Laing ni majani ya majimbi yaliyokaushwa, yakapikwa kwenye tui zito na pilipili mpaka tui likakauka na kutoa mafuta, na mtu wa Pemba akionja atauliza nani kapika. Sinigang ni mchuzi wa ukwaju. Si ukwaju wa kunywa wala wa kuchovyea bajia, ni ukwaju uliopewa sufuria nzima: samaki au nyama, bamia, biringani, figili, vipande vya majimbi, na pilipili ndefu ya kijani inayoelea juu bila kupasuka. Ukali wake unakushtua kwenye taya. Kijiko cha tatu umeshauzoea, na ukifika chini ya bakuli unainama kuona kama Ate ataongeza.

Kare-kare ndiyo iliyonishinda kabisa. Mkia wa ng'ombe umechemka mpaka unaachia mfupa, ndani ya mchuzi mzito wa karanga, pamoja na maharage machanga, biringani na ua la mgomba. Mganda aliyekaa meza yangu siku moja aliionja akasema hii ni binyebwa iliyopata nyama. Lakini mchuzi wenyewe hautiwi chumvi ya kutosha, makusudi. Pembeni wanakuletea kisahani cha bagoong, uduvi uliochachushwa kwa chumvi, rangi ya zambarau iliyofifia, harufu yake usiniulize. Unachota kidogo sana kwa ncha ya kijiko, unachanganya na karanga, na hapo ndipo chakula kinapokamilika. Waliokulia Unguja na Tanga uduvi wanaujua. Wa bara, kazeni moyo.

Hapa ndipo wenzetu wengi wanapokosea wakasema chakula cha Wafilipino hakina ladha. Wamekula nusu ya mapishi. Ile nusu nyingine iko mezani: siki yenye pilipili na kitunguu saumu, sosi ya soya, patis ambayo ni maji ya samaki wa chumvi, na kalamansi, ndimu ndogo kama gololi. Mpishi hakumalizii, anakuachia umalize mwenyewe. Kamulia kalamansi mbili kwenye sosi ya soya, ponda pilipili moja kwa mgongo wa kijiko, chovyea samaki wa kuchoma. Ukila bila kugusa chupa hizo halafu ukalalamika, umemwonea mpishi.

Siki nayo ina habari yake. Kwao iko inayotokana na tembo la mnazi. Mgema wa kwetu akisifiwa hulitia maji. Wa kwao, asifiwe asisifiwe, analiacha lichache mpaka liwe siki, na siki hiyo ndiyo iliyohifadhi nyama yao karne nyingi kabla ya friji. Adobo imezaliwa humo: kuku, siki, sosi ya soya, kitunguu saumu, pilipili manga, moto mdogo. Jina ni la Kihispania, upishi ulikuwapo. Wagema wao hata walivuka bahari. Wahispania walikuwa na merikebu zilizokwenda na kurudi kati ya Ufilipino na Acapulco tangu 1565 mpaka 1815, na kwa merikebu hizo ugema ulifika Mexico, ambako pwani ya Colima bado wanakunywa tembo la mnazi kwa jina lile lile la Kifilipino, tuba.

Na merikebu hizo zilirudi na mbegu. Mahindi, muhogo, papai, pilipili, vyote asili yake Amerika. Kwao vilipitia Acapulco, kwetu vikaja na Wareno. Ukiona meza hizi mbili zinafanana, usidhani ni bahati tu ya kukaa nchi za joto. Fort Jesus yetu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa amri ya mfalme Felipe II, wakati Ureno na Hispania zilikuwa chini ya taji moja. Ni Felipe huyo huyo ambaye visiwa vya Ufilipino vilikwisha kupewa jina lake tangu akiwa bado mwanamfalme. Mimi nimezaliwa ukitoka Fort Jesus unafika kwa miguu, na jambo hili sikufundishwa shuleni. Nimewahi kumweleza Ate. Alinitazama kama mtu anayetafuta kupunguziwa bei.

Kabla hamjaniita wakili wao, kasoro zipo. Vya kukaanga vinakaa kwenye kioo tangu mchana, na saa mbili usiku lumpia, sambusa zao za kuviringishwa, imelegea haina maana tena. Televisheni iko juu, na mtu asipoimba karaoke basi anaifanyia mazoezi. Wanapenda sukari mahali ambapo sukari haijaalikwa. Tambi zao zina mchuzi mtamu wenye vipande vya soseji, na hapo naomba radhi, siwezi.

Utamu huo unatokana na ketchapu ya ndizi, na ketchapu yenyewe naiheshimu kuliko tambi zinazomiminiwa. Sifa ya kuibuni hupewa María Orosa, mtaalamu wa kemia ya chakula aliyesoma Seattle akarudi nyumbani kutafuta namna watu wake wangeweza kula mazao ya kwao badala ya kungoja makopo kutoka Marekani. Nyanya zilikuwa shida, ndizi zimejaa, akatumia ndizi. Alifariki Februari 1945 katika vita vya kuikomboa Manila. Sisi tuna ndizi za kila aina, kuanzia Bukoba mpaka Kisii, na ketchapu tunayokula ni ya nyanya.

Wali sina haja ya kuueleza sana. Wafilipino na wali ni kama sisi, au wametuzidi: asubuhi wanakula wali wa jana uliokaangwa kwa kitunguu saumu, pamoja na yai na samaki mkavu anayefanana na ng'onda. Kwao iko migahawa inayokuongezea wali bure kadiri utakavyo, na mwaka 2017 seneta Cynthia Villar alipotaja kuupiga marufuku utaratibu huo kwa ajili ya afya, kelele zilizozuka zilimfanya ajieleze upya. Kisu hawawekewi mezani. Kijiko mkono wa kulia, uma wa kushoto unasukuma. Ukila kwa mkono, nao wanakula kwa mkono wakiwa nyumbani, hakuna atakayekukodolea macho. Na ukipita karibu na meza ya mtu usiyemjua atakukaribisha, kain tayo, naye anajua kwamba utashukuru na kupita. Adabu hii hatuna haja ya kutafsiriwa.

Kuna sababu nyingine ya kuingia, nayo haihusu tumbo. Mwaka 1974, bei ya mafuta ikiwa imepaa na Ghuba ikitafuta watu wa kazi, serikali ya rais wao wa wakati huo, Ferdinand Marcos, iliweka usafirishaji wa wafanyakazi ndani ya sheria yao ya kazi. Nusu karne baadaye wameshajua maisha ya ugenini yanavyopangwa: nani anaandaa chakula, nani anapokea mgeni, maboksi ya nyumbani yanafungwaje. Sisi tumekuja nyuma yao, walinzi, wahudumu wa hoteli, wasichana wa kazi za nyumbani, na tunalala nao bedspesi moja, yaani chumba cha kupanga kitanda kitanda, tunavaa sare moja, halafu saa ya kula kila kabila na njia yake. Yale niliyoyajua kuhusu barua ya kuacha kazi na kiinua mgongo niliyasikia kwanza kwenye meza ya plastiki ya mgahawa huu, kutoka kwa mtu aliyekuwa akila adobo. Ofisini hakuna aliyewahi kunieleza.

Basi kama umeshawishika, nenda mchana, kabla ya saa saba, sufuria zikiwa zimejaa. Anza na tinola, haina la kukushtua. Siku ya pili jaribu sinigang. Ijumaa wanapika munggo, yaani pojo, choroko kwa ndugu zangu wa Tanzania. Ni mazoea ya Kikatoliki ya kutokula nyama siku hiyo, hasa wakati wa Kwaresima, ingawa ukiwatazama vizuri utakuta wengi wanaweka uduvi au nyama humo humo bila wasiwasi.

Na Desemba uliza bibingka. Ni unga wa mchele na tui, juu ya jani la mgomba, na kwa utaratibu wa zamani inaokwa kwa makaa chini na makaa juu, sawasawa na mkate wa kumimina. Huku Satwa wanatumia oveni, lakini ladha bado unaitambua. Ila hawatii iliki. Wanaweka jibini na yai la chumvi juu yake, na iliki hakuna hata punje. Nimelilalamikia jambo hilo pale kaunta, na Ate amenijibu kwamba nikitaka iliki nije nazo mwenyewe, na bei haitapungua.