Rula ya kukokotoa itengenezwe Lubumbashi? Sawa, lakini iwe ya duara

Mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha, kijana anayesomea useremala hapa Lubumbashi aliniletea rula ya kukokotoa aliyoichonga mwenyewe. Ile ambayo wazee wa migodini bado wanaiita règle à calcul: mwili wenye namba, na ulimi wenye namba unaoteleza kwenye mfereji wake, ukizisogeza ukasoma jibu la kuzidisha au kugawa. Ulimi wake wa katikati ulikuwa umekwama. "Papa, mwezi wa saba ilikuwa inateleza kama sabuni," akaniambia. Nilimwamini. Mbao ikinywa unyevu hutanuka kwa upana, kwa urefu karibu haisogei, kwa hiyo ulimi uliokaa vizuri kiangazi unabanwa mvua zikija. Hemmi, kampuni ya Japani iliyotengeneza rula hizi, ilitumia mianzi, inayovumilia unyevu vizuri zaidi.

Yeye na wenzake wanataka kubuni rula mpya na kuiuza. Wanaowacheka wana hoja nzito. William Oughtred, mwanahisabati Mwingereza, aliweka skeli mbili za logi (logariti) bega kwa bega miaka ya 1620, kuzidisha kukawa ni kuunganisha urefu na urefu. Dunia ikahesabu hivyo karne tatu na nusu. Mwaka 1972 ikatoka HP-35, kikokotoo cha mfukoni cha dola 395, na baada ya miaka michache rula ikabaki kumbukumbu. Leo simu ya bei ya chini kabisa inakokotoa. Na walimu wengi hawajawahi kuishika rula hiyo, sasa nani atamfundisha mnunuzi?

Vijana hujitetea kwamba umeme unakatika. Hapo siwaungi mkono hata kidogo: kikokotoo kinachotumia mwanga wa jua hakingoji umeme wa mtu.

Hoja yao yenye uzito ni nyingine: rula inakulazimisha ukadirie jibu mwenyewe. Chukua lori lenye tani 48 za mawe, shaba asilimia 3.5. Rula inakupa tarakimu 1, 6, 8, basi. Nukta unaiweka wewe. Asilimia moja ya 48 ni karibu nusu tani. Mara tatu na nusu haifiki tani mbili. Kwa hiyo ni 1.68. Nimemwona mwanafunzi akizidisha kwenye simu, akasahau kugawa kwa mia, akaandika tani 168 bila kushtuka. Shaba nzito kuliko mzigo wenyewe!

Halafu kuna kambisti wa barabarani, yule anayebadilisha fedha. Tuseme dola moja ni franka 2,500. Weka 1 ya ulimi juu ya 2.5 ya mwili, usiguse tena. Chini ya 2 unasoma 5, yaani franka 5,000. Chini ya 3 ni 7.5, chini ya 4 ni 10. Bei zote za siku ziko mbele ya macho yako kwa mkupuo mmoja. Ila ukitafuta dola 6, ulimi umeshatoka nje ya rula, inabidi uurudishe upande wa pili.

Ndiyo maana nasema duara. Mwisho wa skeli unakutana na mwanzo wake, na dola 6 inaangukia 15 bila kurudisha kitu. Kisahani chenye kipenyo cha sentimeta 8 kina mzingo wa sentimeta 25, sawa na rula ndefu ya kawaida. Marubani wanafunzi bado wanafundishwa duara la namna hiyo, E6B, la kukokotoa mambo ya safari ya ndege. Visahani viwili vya plastiki, ribiti moja katikati, hakuna mfereji wa kubana. Printa ikikuza mchoro sawasawa pande zote, haidhuru, maana duara linahesabu pembe. Ikivuta upande mmoja tu, ni hasara. Kazi yote inahamia kwenye tundu la katikati: likikosea kitovu kwa milimita 0.1, jibu linaweza kupotoka hadi karibu mbili katika elfu. Zaidi ya hapo, tarakimu ya tatu si ya kuaminika.

Kijana hakufurahi. "Lakini Papa, mbao ni nzuri." Ni nzuri kweli, na ameichonga kwa mkono mtulivu. Akauliza kama aupige msasa ule ulimi uliokwama. Nikamwambia asubiri mwezi wa saba.