Nyumba ya Mbogani na Wenyewe Tuliowasahau

Nyuma ya nyumba ya Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, nyumba ambayo sasa ni makumbusho kule mtaani Karen jijini Nairobi, lipo jiwe la kusagia lililogeuzwa kuwa meza. Kila ninapokwenda pale huanzia kwenye jiwe hilo kabla ya kuingia ndani, kwa sababu linanieleza nyumba ile ilivyokuwa kuliko vitanda na makabati. Blixen mwenyewe aliandika kwamba alizoea kuketi nyuma ya jiwe kama hilo aliposhughulikia mambo ya watu wa shambani. Upande mmoja wa jiwe aliketi mwenye nyumba, na upande wa pili wakasimama watu waliokuwa wakilima kahawa yake. Hatimiliki iliandikwa kwa jina la upande mmoja tu.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida ukiilinganisha na sifa zake. Haina ghorofa, kuta zake ni za mawe, paa ni la vigae, na baraza zake zinamruhusu mtu kukaa nje bila kuchomwa na jua. Aliyeijenga, mwaka 1912, ni Åke Sjögren, Msweden aliyekuwa mhandisi. Iliitwa Mbogani, jina ambalo wageni hulifasiri kuwa nyumba ya msituni, ingawa mimi sikio langu husikia mbogo ndani yake. Kabla ya mwaka huo hapakuwa na hati wala ukuta, lakini hapakuwa patupu: nchi ile ya chini ya milima ya Ngong ilikuwa mpaka wa malisho ya Wamaasai na mashamba ya Wagikuyu.

Karen Blixen na mumewe Bror walihamia humo mwaka 1917. Karen aliondoka mwaka 1931. Hiyo ni miaka 14 katika umri wa nyumba ambayo sasa imepita miaka 110, na bado wengi wetu tunaoingia pale hatuulizi lolote ila habari za miaka hiyo 14. Sina ugomvi na mwandishi huyo. Ninachokiamini, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya, ni kwamba nyumba ya urithi inapaswa kusimuliwa mwenyewe baada ya mwenyewe, na kwamba kipindi cha Mbogani tunachopaswa kukionea fahari kuliko vyote ndicho tunachokijua kidogo kuliko vyote.

Hata huo umiliki wa Blixen haukuwa kama tunavyoudhania. Shamba lilikuwa la Karen Coffee Company, kampuni iliyotegemea fedha za jamaa zake wa Denmark, na mwenyekiti wake alikuwa mjomba wake, Aage Westenholz. Bror aliondolewa kwenye usimamizi mwaka 1921, na tangu hapo Karen akaliendesha shamba peke yake kwa niaba ya wenye hisa waliokuwa mbali, wakisoma hesabu za hasara mwaka baada ya mwaka. Pale ni kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, juu mno kwa kahawa, na mvua ilipokosekana hapakuwa na la kufanya. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliteketea. Bei zilipoanguka duniani mwishoni mwa muongo huo, kampuni ilishindwa kuendelea na shamba likauzwa.

Hapa ndipo lile jiwe linaponirudia akilini. Familia za Wagikuyu zilizoishi shambani ziliitwa maskwota, na sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa na kulima vipande vyao. Shamba lilipouzwa, ilibidi waondoke, kwa kuwa mbele ya sheria hawakuwa na chochote cha kuuza wala cha kudai. Blixen aliwapigania kwa maofisa wa serikali ili wasitawanywe, na hatimaye walipewa mahali pa kukaa pamoja katika msitu wa Dagoretti. Alifanya jambo jema, na ninamheshimu kwalo. Lakini kwamba watu waliokuwa pale ilibidi waombewe na mgeni nafasi katika nchi yao, hilo halipaswi kupitwa haraka haraka na mtu yeyote anayeizungumzia nyumba hii.

Mnunuzi, Remy Martin, hakuwa na haja ya kahawa. Aliligawa shamba katika viwanja vya ekari 20 vya kujenga nyumba za kuishi, na hapo ndipo mtaa wa Karen tunaoujua leo ulipozaliwa, ule wa nyua ndefu, miti mikubwa na malango yaliyofungwa. Nyumba ya Mbogani ikawa nyumba moja miongoni mwa nyumba za mtaa. Mwaka 1935 ilichukuliwa na Luteni Kanali Lloyd wa jeshi la Uingereza, aliyeimiliki hadi alipofariki mwaka 1954, kisha ikapita katika mikono ya warithi.

Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua nyumba pamoja na ardhi iliyoizunguka, ikaikabidhi serikali ya Kenya iwe zawadi ya uhuru. Serikali ilianzisha pale chuo cha lishe, na nyumba ikawa makazi ya mkuu wa chuo. Hebu tulifikirie jambo hilo kwa makini. Katika nchi iliyokuwa na uhuru wa miezi tu, nyumba ya mlowezi haikugeuzwa kasri la mkubwa fulani. Iliwekwa katika kazi ya kufundisha watu namna ya kulisha watoto wakakua na afya. Kazi hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, muda mrefu kuliko ule aliokaa Blixen. Mimi siioni kuwa pengo kati ya shamba la kahawa na makumbusho. Naiona kuwa ndiyo matumizi bora kabisa ambayo nyumba ile imewahi kupata.

Kisha ikaja filamu ya Out of Africa mwaka 1985, iliyotokana na kitabu cha Blixen kuhusu maisha yake shambani, dunia ikaikumbuka Mbogani, na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yakaifungua kwa umma mwaka 1986. Bila filamu hiyo huenda leo pangekuwa na majumba ya kupangisha, kwa hiyo siwezi kuilaumu. Baadhi ya vitu vilivyotumika wakati wa kuitengeneza vimo ndani hadi leo, na wageni huvitazama kwa hamu kubwa.

Ningependa sasa chumba kimoja, hata kiwe kidogo, kipewe chuo: picha za darasa, daftari la mapishi, sufuria, sauti za waliofundisha na waliofundishwa. Vitu vya namna hiyo havikai katika mnada wa Copenhagen. Vimo masandukuni huko Nyeri, Kisumu na Machakos, kwa kina mama na wazee waliostaafu. Aliyeingia chuoni pale mwaka 1966 akiwa na miaka 20 anakaribia miaka 80 sasa, na bado anaweza kutuambia ni mlango gani waliubisha walipoitwa na mkuu wa chuo.